Mume wangu aliisoma Zaburi ya 91 kila jioni, na ziwa likamchukua: je, Mungu hakumlinda?

Swali la msomaji: "Bwana Yesu asifiwe, Baba Mchungaji. Mimi ni mjane, naishi karibu na mwalo huku Ilemela. Marehemu mume wangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Kila jioni kabla ya kuingia ziwani alitusomea Zaburi ya 91, na hata ubavuni mwa mtumbwi aliiandika kwa rangi. Usiku mmoja dhoruba iliwapindua. Wenzake wawili waliokolewa, yeye akazama. Wifi yangu anasema imani yake ilikuwa haba, au alikuwa na dhambi aliyoificha. Jirani ananishauri ninunue mafuta ya upako ili mwanangu wa kwanza, anayetaka kurudi ziwani, asipatwe na yaliyompata baba yake. Je, Mungu hakutimiza neno lake? Na je, niendelee kuisoma zaburi hiyo na watoto?"

Jibu: Amina, mama. Pole sana kwa msiba huu, na poleni nyote nyumbani. Nitalijibu swali lako moja kwa moja kwanza, halafu nitaeleza kwa nini nasema hivyo. Kifo cha mumeo si ushahidi kwamba Mungu alivunja neno lake, wala si ushahidi kwamba imani ya mumeo ilikuwa haba. Zaburi ya 91 muendelee nayo, wewe na watoto, ila msiisome kama alivyoisoma yule aliyemjaribu Bwana wetu jangwani. Nitafika kwake hivi punde.

Sitaki kuyapunguza makali ya swali lako, kwa sababu maneno ya zaburi hiyo ni makali kweli. Mstari wa 10 unasema, "Mabaya hayatakupata wewe, wala tauni haitaikaribia hema yako." Mstari wa 7 unasema kwamba hata watu elfu wakianguka ubavuni pako, na kumi elfu mkono wako wa kuume, hayo hayatakukaribia. Mtu anayesoma maneno haya kila jioni, kisha akachukuliwa na ziwa usiku, amewaachia walio hai swali halali kabisa, na mhubiri anayelipita haraka kwa kusema "ni mapenzi ya Mungu" anamnyima mjane heshima yake. Tena nasema hivi kwa uzito: Biblia yenyewe hailipiti haraka.

Turudi jangwani. Mathayo 4 na Luka 4 zinasimulia kwamba Ibilisi alimweka Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini, kwa kuwa imeandikwa kwamba Mungu atamwagizia malaika zake na mikononi mwao watamchukua. Maneno hayo ni ya Zaburi ya 91, mstari wa 11 na wa 12. Katika masimulizi yote mawili, mjaribu aliacha maneno "katika njia zako zote", yaani ahadi inayomhusu mtu anayetembea katika njia aliyopewa na Mungu aliigeuza kuwa kinga ya mtu anayeruka kutoka juu ili aone kama atadakwa. Yesu alimjibu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati 6:16, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Hapo Bwana hakuikana zaburi. Alichokikataa ni ile tafsiri inayosema kwamba mtoto wa Mungu hawezi kuumia, na kwamba akiumia, basi ama yeye si mtoto wa Mungu ama Mungu si mwaminifu. Wifi yako, bila kukusudia, ameichukua tafsiri hiyo hiyo.

Tafsiri hiyo ina historia ndefu. Katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, lilipatikana gombo ambalo lina Zaburi ya 91 pamoja na nyimbo za kukemea pepo, na katika karne za kwanza za Ukristo huko Misri watu waliiandika zaburi hii kwenye vipande vya mafunjo na kuvivaa mwilini. Siwalaumu, kwa kuwa hofu ya usiku na tauni ilikuwa ya kweli kwao kama dhoruba ilivyo ya kweli kwenu. Lakini neno la Mungu likishafanywa hirizi, linabebeshwa kazi ambayo halikutumwa kuifanya, na siku hirizi isipofanya kazi, mwenye nayo huona kwamba Mungu mwenyewe ameshindwa. Mumeo, kwa jinsi unavyoniandikia, hakuwa akiitumia hivyo: aliwakusanya watoto, akawasomea, akamtaja Mungu mbele yao kabla ya kazi. Hiyo ni ibada ya nyumbani, na ni urithi mwema aliowaachia. Mafuta yanayouzwa ili kijana asizame ni jambo jingine kabisa, na kuhusu hayo nakushauri bila kusita: usinunue. Yakobo 5:14 inataja mafuta, lakini ni mafuta ambayo wazee wa kanisa humpaka mgonjwa kwa jina la Bwana pamoja na maombi, na hakuna bei iliyotajwa hapo.

Sasa naomba uifungue zaburi yenyewe, mama, uangalie ni nani anayesema na anasema wapi. Mstari wa kwanza na wa pili ni ushuhuda wa mtu anayemkimbilia Mungu. Kuanzia mstari wa 3 hadi wa 13 tunasikia sauti ya anayemtia moyo mwenzake, labda mtumishi wa hekaluni akimwambia aliyekuja kuabudu, na humo ndimo zilimo zile picha kubwa: mtego wa mwindaji, mshale urukao mchana, simba na nyoka. Mistari mitatu ya mwisho ni tofauti. Hapo Mungu mwenyewe anasema, na katikati ya maneno yake anasema hivi: "Ataniita nami nitamwitikia, nitakuwa pamoja naye taabuni, nitamwokoa na kumtukuza." Kama mtu anayemkimbilia Mungu hapatwi kamwe na taabu, ahadi ya kuwa pamoja naye taabuni ingekuwa haina kazi. Mungu anaposema kwa kinywa chake ndani ya zaburi hii, anamwona mtumishi wake akiwa ndani ya taabu, na anaahidi kuwamo humo pamoja naye. Mimi huisoma zaburi nzima kuanzia mstari huo wa 15 kurudi nyuma, na ningependa nawe ujaribu kufanya hivyo.

Utaniuliza kuhusu mstari wa 16, "Kwa siku nyingi nitamshibisha, nami nitamwonyesha wokovu wangu," kwa sababu mumeo hakuzipata siku nyingi. Hapa nakuomba uvumilie niende hatua moja zaidi. Isaya 53 inamzungumzia Mtumishi wa Bwana aliyekatiliwa mbali na nchi ya walio hai, akazikwa, kisha katika mstari wa 10 inasema kwamba "ataishi siku nyingi". Anayeahidiwa siku nyingi ni mtu aliyekwisha kuuawa. Kanisa tangu mwanzo limeona hapo habari za Kristo, ambaye aliuawa akiwa bado kijana na ambaye sasa yu hai. Kwa hiyo mizani ambayo Mungu hupimia urefu wa siku haiishii kaburini, na ahadi ambayo kwa macho yetu imekatika ziwani bado iko mikononi mwa yule anayefufua wafu. Sisemi hivi ili usilie, kwa kuwa hata Yesu alilia kaburini kwa Lazaro akijua kwamba muda mfupi baadaye angemwita atoke.

Tazama pia majirani wa zaburi hii. Waliozipanga Zaburi hawakuiweka ya 91 peke yake. Zaburi ya 88 ni maombi ya mtu aliyeomba mchana na usiku, na inakwisha gizani bila hata neno moja la faraja, tena imebaki hivyo katika Maandiko Matakatifu kwa miaka yote hii. Zaburi ya 89 inaanza kwa kuziimba fadhili za Bwana, na kabla haijakwisha inamuuliza, "Ee Bwana, zi wapi fadhili zako za kwanza?" Zaburi ya 90, maombi ya Musa, inasema kwamba tunachipuka asubuhi kama majani na jioni tunakatwa. Ndipo inakuja ya 91. Aliyefika hapo kwa kufuata mpangilio huo amekwisha kulia, amekwisha kumhoji Mungu, amekwisha kukiri kwamba maisha ni mafupi, na sasa anasema, "Bwana ndiye kimbilio langu na ngome yangu." Sisi tuna desturi ya kuichomoa ya 91 na kuziacha nyingine tatu. Nadhani hilo limetuumiza sana katika makanisa yetu, kwa maana mwombolezaji anapokuja ibadani anakuta wimbo wa ushindi tu, na maneno ya kulilia hapewi.

Lakini sehemu ambayo imenisaidia kuliko zote ninapoketi na wafiwa ni Luka 21. Yesu anawaambia wanafunzi wake katika mstari wa 16 kwamba watasalitiwa hata na ndugu na rafiki, "nao watawafisha baadhi yenu." Mistari miwili tu baadaye anasema, "Walakini hautapotea hata unywele mmoja wa vichwa vyenu." Isome tena polepole. Watauawa, na hata unywele hautapotea. Bwana aliyaweka mambo hayo mawili pamoja kwa makusudi, kwa hiyo ulinzi anaouzungumzia unamfikia mtu hata pale ambapo mwili umeuawa. Huo ndio ulinzi ambao Paulo anauimba katika Warumi 8, ambako anataja dhiki, njaa, uchi, hatari na upanga, yote kama mambo yanayowapata watakatifu, kisha anasema kwamba wala mauti, wala uzima, wala kiumbe kinginecho chote hakitaweza kututenga na upendo wa Mungu ulio katika Kristo Yesu. Angetaka kusema kwamba Mkristo hafi, asingeyataja mauti ya kwanza kabisa katika orodha hiyo.

Umeandika kwamba wenzake wawili waliokolewa, na naona kwamba hapo pana mwiba wa pekee. Matendo ya Mitume 12 inaanza na habari kama hiyo. Herode alimwua Yakobo, ndugu wa Yohana, kwa upanga. Kisha akamkamata Petro, na malaika akaja gerezani usiku, minyororo ikaanguka, Petro akatoka. Mitume wawili wa Bwana mmoja, mfalme yule yule, na Luka haandiki popote kwamba imani ya Yakobo ilikuwa ndogo. Waebrania 11 inafanya vivyo hivyo: katika mstari wa 34 wapo waliookoka makali ya upanga kwa imani, na katika mstari wa 37 wapo waliouawa kwa upanga, na hao wote, asema mwandishi, walishuhudiwa kwa sababu ya imani yao. Kwa nini huyu na si yule, Maandiko hayatuelezi, na mtu anayedai kwamba anaijua sababu katika habari ya mumeo anadai kujua jambo ambalo hata mitume hawakuambiwa.

Kuhusu dhambi iliyofichwa, Bwana alikwisha kulijibu neno hilo. Aliletewa habari za msiba, naye akauliza kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, kama walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, akajibu mwenyewe, "Sivyo" (Luka 13:4–5). Sisi wa Mwanza tungepaswa kulielewa jibu hilo kuliko wengi. Tulizika watu Igoma baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996, na tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa imekaribia Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Ndani ya vyombo hivyo walikuwemo waliosali asubuhi hiyo na wasiosali, watoto wachanga na wazee. Hakuna mtu mwenye haki ya kupita kwenye makaburi yale akiwagawa wenye imani na wasio na imani. Wifi yako naye amefiwa na kaka yake, mama, na mara nyingi mtu hutafuta wa kumlaumu kwa sababu uchungu usio na sababu humlemea. Kwa hiyo mchukulie kwa upole, lakini usiyapokee maneno yake moyoni. Marafiki wa Ayubu walifanya vema walipoketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walikosea walipoanza kumweleza sababu, na mwishoni Mungu aliwaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu, ambaye muda wote alikuwa akilalamika.

Sasa kuhusu mwanao. Wengi hudhani kwamba mtu anayeuamini ulinzi wa Mungu hapaswi kujilinda mwenyewe sana, kana kwamba kuvaa jaketi la kujiokolea ni kuonyesha mashaka. Soma Matendo 27 na kijana wako, yote, kwa sababu mvuvi ataielewa sura hiyo kuliko mimi. Paulo yumo melini pamoja na watu wengine, jumla 276, katika tufani iliyodumu siku nyingi. Malaika amemhakikishia kwamba hapana hata mmoja atakayepotea. Na bado, mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua ndogo, Paulo aliwaambia askari, "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka." Ahadi alikuwa nayo, na bado alitaka watu wenye ujuzi wabaki kazini. Wakapima kina cha maji, wakatupa nanga nne nyuma, wakala chakula ili wapate nguvu, wakatupa ngano baharini kupunguza uzito, na mwisho wakafika pwani wengine kwa kuogelea na wengine juu ya mbao na vipande vya merikebu. Mbao zile zilikuwa ulinzi wa Mungu.

Kwa hiyo kijana akiamua kurudi ziwani, na asiende kwa kulazimishwa na njaa ya nyumbani kabla hamjazungumza na wazee, mambo ya kumwambia ni haya ya kawaida. Asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na upepo ukionywa abaki nchi kavu, hata kama ni usiku wa giza mzuri kwa dagaa na wenzake wote wanawasha taa zao kuondoka. Kila mtu ndani ya mtumbwi awe na jaketi lake, limefungwa mwilini, si lililokaliwa kama mto wa kukalia huku kamba zake zimelowa chini ya nyavu. Mtumbwi usijazwe kupita kiasi wakati wa kurudi. Kisha asome zaburi ya baba yake, aombe, aende. Mithali 22:3 inasema kwamba mtu mwerevu huyaona mabaya na kujificha, na maneno hayo yamo katika Biblia ile ile yenye Zaburi ya 91.

Lipo jambo ambalo hukuuliza, nami sitaki kuliacha. Katika kitabu cha Ruthu, Boazi anamwombea mjane wa kigeni apewe thawabu na Mungu wa Israeli, "ambaye umekuja kukimbilia chini ya mabawa yake." Ni picha ile ile ya Zaburi ya 91:4. Baada ya kuomba hivyo, Boazi hakwenda zake. Alimpa Ruthu mkate wakati wa kula, aliwaamuru vijana wasimguse, akaagiza masuke yaachwe kwa makusudi ili ayaokote, na baadaye akasimama langoni mbele ya wazee kulimaliza shauri la urithi wake. Mabawa ya Mungu yalimfikia mjane yule kupitia watu. Ndiyo maana nawaambia viongozi wa kanisa lako, kama wanasoma hapa: kumwombea mama huyu ni nusu ya kazi. Ada za watoto, chakula kipindi hiki ambacho hakuna anayeingia ziwani kwa niaba ya nyumba hiyo, na mtu wa kumsindikiza ili mtumbwi, nyavu na taa vya marehemu visichukuliwe na ndugu kabla mirathi haijasikilizwa kisheria, hayo ndiyo ambayo Yakobo 1:27 inayaita dini iliyo safi. Nawe mama usione aibu kuomba msaada huo. Waombee, lakini pia waambie.

Kwa namna ya kusali kwa sasa, ningekushauri usianze na ya 91. Anza na Zaburi ya 13, ni fupi, inasema "hata lini" mara nne, na unaweza kuisali hata usiku ambao huna nguvu ya maneno mengi. Ukiona imekuwa nyepesi kuliko uchungu wako, nenda ya 88 na umwambie Mungu yote yaliyomo humo. Kisha kaa muda mrefu kwenye ya 77. Mwimbaji wake halali usingizi, anauliza kama Mungu amesahau fadhili zake, na mwishoni anakumbuka jinsi Mungu alivyowavusha watu wake majini: "Njia yako ilikuwa katika bahari, na mapito yako katika maji makuu, hatua zako hazikujulikana." Unaishi ukiyatazama maji hayo kila siku, na huenda kwa sasa huwezi kuyatazama bila uchungu. Mwimbaji huyu hakuona alama za hatua za Mungu juu ya maji, na bado alisema kwamba Mungu alipita humo. Watoto waambie hivyo wakikuuliza baba alikuwa na nani usiku ule: alikuwa na Mungu, yule aliyesema "nitakuwa pamoja naye taabuni", na hayuko nje ya mikono yake hata sasa.

Ya 91 utairudia siku utakapoweza, na hakuna anayekupangia siku hiyo. Mkiisoma, mtoto mmojawapo asome mistari ya mwanzo, nawe usome ile mitatu ya mwisho, ambayo ni maneno ya Mungu mwenyewe. Ukishindwa kumaliza kwa kulia, mwenzako wa jumuiya au mzee wa kanisa amalizie kwa niaba yako, maana tumeagizwa katika Warumi 12:15 kulia pamoja nao waliao, na kuisoma zaburi kwa niaba ya aliyeishiwa sauti ni njia mojawapo ya kulitii agizo hilo.